Asumini Mbele ya Duka la Vifungo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mafuso yakiwa yamemaliza kushusha marobota ya vitenge na wapagazi wamekaa juu ya mikokoteni yao wakisubiri chai, mtaa wetu hupata kama robo saa ya utulivu. Hiyo ndiyo robo saa yangu. Ninafungua mlango wa chuma nusu, ninalivuta dumu lililokesha chini ya bomba la kiyoyozi, na ninaanza kumwagilia: ndoo ya kwanza mrehani, ya pili asumini, ya tatu bogenvilia, ya nne asumini tena. Ndoo zenyewe ni zile za rangi za lita 20, ambazo mafundi wa majengo huziacha wakimaliza kazi. Kila moja ina jina la mwenyewe lililoandikwa kwa rangi ya mafuta. Yangu imeandikwa "Vifungo", maana ndivyo wanavyoniita hapa.

Ninauza nyuzi, vifungo, zipu na lastiki, hatua chache kutoka Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Nipo hapa tangu duka hili likiwa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yangu, kabla nyumba haijavunjwa na ghorofa kupandishwa. Sikusomea bustani. Ninachoeleza ni yale ambayo mimi na majirani zangu tumejifunza kwa kupanda maua mahali ambapo kila mtu alituambia hayatakaa. Ninayaeleza kwa sababu wateja wanaofuata uzi kutoka Temeke, Magomeni na hata Morogoro wamekuwa wakisimama mlangoni, wakivuta pumzi, halafu wakiniuliza: "Mama, mlianzaje?"

Tulianza vibaya. Lakini kabla ya kufika huko, niwarudishe nyuma kidogo.

Wengi huiona Kariakoo kama mahali palipozaliwa na saruji. Yatazame majina. Mkunguni ni palipokuwa na mkungu, ule mti wa kivuli ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na watoto hupasua kokwa zake kutafuta kiini. Mtaa wa Mchikichi umebeba jina la mti. Mnazi Mmoja, jina linajieleza. Ukitoka nje kidogo unakutana na Mwembechai, Mkwajuni, Mikocheni. Watu wa mji huu walikuwa wakielekezana njia kwa miti.

Mitaa yetu iliyonyooka kama mistari ya daftari ilichorwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Mji ukagawanywa: Uzunguni kule, Uhindini katikati, sisi huku, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga upande na upande. Bustani ya umma ilikuwa ya upande wa kule. Ni ile Bustani ya Mimea aliyoianzisha Mjerumani Franz Stuhlmann mwaka 1893, ambayo kipande chake bado kipo jirani na Makumbusho ya Taifa. Nadhani ndipo lilipoingia wazo ambalo halijatutoka hadi leo, kwamba maua ni mambo ya Oysterbay na Masaki, na kwamba mtu wa Kariakoo akipanda ua mbele ya duka anajifanya.

Bibi yangu alikuwa na maua maisha yake yote. Hakuyaweka barabarani, aliyaweka uani. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele na ua nyuma. Kando ya pipa la maji ulikuwepo mrehani. Asumini ilitambaa kwenye ukuta wa jikoni, na pembeni kabisa, penye kivuli, ulisimama mkilua. Jioni, kabla ya adhana ya Magharibi, bibi alichuma vichwa vya asumini vikiwa bado vimefumba, akavitunga kwenye uzi mweupe na kumfunga mama yangu nywele. Vilifunguka usiku, vikiwa kichwani. Siku ya harusi alitengeneza vikuba: kilua, asumini, majani ya mrehani na pachori, langilangi likipatikana, vyote vimefungwa pamoja kwa uzi na kubanwa kwa pini kifuani. Harufu ya kikuba ilibaki kwenye kanga hata baada ya kufuliwa.

Mkilua nao una heshima yake katika vitabu. Ni mti wa pwani yetu, Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandikia jina la kisayansi hakutafuta neno la Kilatini la kuuita ukoo wake. Alichukua letu. Mti huo duniani kote unajulikana kama Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, nikimfikiria bibi ambaye hakujua kusoma.

Maua ya kwetu, basi, yalikuwa ya pua kabla ya kuwa ya macho. Yalipandwa ili yachumwe. Na yalimwagiliwa bila mtu kupangiwa zamu, kwa sababu kila aliyesuuza sahani au kuosha mchele alimwaga maji pale pale kwenye shina la mrehani.

Tulipoanza mradi wetu tulisahau yote hayo.

Ilikuwa Desemba 2021. Miezi mitano kabla, tarehe 10 Julai, soko letu kuu lilikuwa limeungua, jengo lile la msanifu majengo Beda Amuli lenye mapaa kama miavuli, na mtaa mzima ulikuwa bado na uso wa msiba. Tukasema tufanye kitu cha kufurahisha macho. Tulikuwa wanane: mimi, fundi cherehani wawili, mama lishe, muuza mabegi, kijana wa kuuza simu, dada wa duka la vyombo na mzee mmoja mstaafu anayekaa ghorofa ya tatu. Tulichanga, tukanunua miche 40 kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Tulichagua kwa macho tu, nyekundu hii, njano ile, zambarau ile. Tulishona fulana za kufanana. Tarehe 9 Desemba, nchi ikiadhimisha miaka 60 ya Uhuru, tukapanga vyungu mstari mmoja kando ya njia, tukapiga picha, tukanywa soda.

Mwisho wa Februari vilikuwa vimebaki vyungu saba.

Januari na Februari ni kipindi cha kaskazi. Jua linapiga lami na lami inalirudisha juu, mche katikati yake unapikwa. Jiji nalo lilikuwa limetoka tu kwenye mgao, kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimeshuka, na mtu aliyepanga foleni kutafuta maji ya kupikia hawezi kumwambia mwenzake ayamwage kwenye ua. Maji ya kisima kirefu tuliyojaribu yalikuwa na chumvi, majani yakaungua kingo kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Kunguru weusi, wale ambao wazazi wao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, waliing'oa miche michanga mmoja baada ya mwingine wakitafuta wadudu chini yake. Kirikuu kimoja kilirudi nyuma usiku kikavunja vyungu vitatu kwa mpigo. Na vilivyopona vikawa vya kutupia vifuko vya maji na vijiti vya mishikaki.

Lakini tazama vile saba. Viwili vilikuwa bogenvilia. Vitano vilivyobaki vilikuwa mrehani na asumini, ambavyo hatukuvinunua hata kidogo. Mama lishe alivileta kutoka nyumbani kwake Buguruni kujazia nafasi. Mrehani wake aliuchuma kila siku kutia kwenye chai ya wateja. Asumini zilichumwa jioni na wasichana wa duka la mitandio. Kilichochumwa ndicho kilichopona, na sisi tulikuwa tumebandika vibao vya "Usichume maua".

Aliyetufungua macho ni muuza kahawa. Ni mzee wa makamo anayezunguka na birika lake la shaba juu ya jiko la makaa, akigonga vikombe, kashata kwenye sahani. Alikuwa akipumzika kwenye ngazi yangu kila Alasiri. Siku moja nilimuona anamwaga maji aliyosuuzia vikombe kwenye chungu cha asumini.

"Mzee wangu, asante kwa kutusaidia," nilimwambia.

"Bi Mkubwa, sikusaidii wewe," akasema. "Hiki si ndicho kilicho karibu na mimi? Vile vya kule ni vya nani?"

Sikuwa na jibu. Vile vya kule vilikuwa vya mradi.

Masika ya 2022 tulianza upya, na safari hii hatukununua hata mche mmoja mpaka tumejua maji yatatoka wapi na ni mkono wa nani utakaoyamwaga. Nikiambiwa nichague neno moja tu la kumpa mtu anayetaka kupendezesha mtaa wake, nitampa hilo: tafuta maji kwanza, tafuta mtu, halafu ndipo utafute ua. Wengi wanakwenda kinyume. Wananunua ua, wanatafuta watu wa kupiga picha, na maji wanamwachia Mungu.

Maji yetu tuliyapata juu ya vichwa vyetu. Kijana mmoja fundi wa viyoyozi alikuja kununua uzi, akadondokewa na tone shingoni, kama inavyomtokea kila mtu anayepita chini ya majengo ya Kariakoo. Akacheka, akasema: "Mama, mnalia shida ya maji na yanawadondokea." Akatueleza. Kiyoyozi kikipoza hewa, unyevu uliomo hewani hugeuka matone kwenye mabomba yake ya baridi, kama vile chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho ukiiweka mezani. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, kwa hiyo matone nayo ni mengi. Na maji hayo hayana chumvi. Si ya kunywa, maana yamepita kwenye vumbi na chuma, lakini mmea unayafurahia. Tukaweka dumu la lita 10 chini ya bomba la ofisi moja ya forodha iliyo juu yangu. Tuliliweka asubuhi ofisi ilipofunguliwa. Kabla ya Alasiri lilikuwa linafurika.

Leo madumu ya namna hiyo ni tisa mtaani kwetu. Kila moja limefungwa kitambaa cha chandarua mdomoni, na hili si la kuchezea. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ile kidingapopo, hung'ata mchana na hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotuama. Dar es Salaam iliteseka nayo mwaka 2014, ikateseka tena mwaka 2019. Mtu anayeweka sahani ya maji chini ya chungu chake cha ua, kwa nia njema kabisa, anafuga mbu mlangoni pa jirani. Sisi hatuweki sahani. Tairi chakavu nalo hatulitumii kama halijatobolewa kila upande, kwa kuwa maji hujificha kwenye mkunjo wake.

Ndoo inaandaliwa hivi. Msumari wa nchi nne unapashwa moto kwenye jiko la mama lishe mpaka uwe mwekundu, unashikwa kwa koleo, na chini ya ndoo yanatobolewa matundu sita au saba. Chini kabisa tunatandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, tunayoomba kwa wauza nazi ambao huyatupa. Makumbi hushika unyevu kama sifongo, mmea unaweza kukaa hadi kesho yake bila kunyong'onyea. Juu yake unaingia udongo: sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga, moja ya mboji. Mboji tunaitengeneza wenyewe kwenye pipa lililo nyuma ya jengo, kwa maganda ya ndizi, majani ya kabichi na machicha ya kahawa anayotuletea yule mzee kwenye mfuko wa unga. Pipa likitunzwa vizuri, likichanganywa na majani makavu na kugeuzwa kila wiki, halinuki. Likinuka ujue limelowa mno. Mwisho tunapanga vijiwe juu ya udongo kuzunguka shina. Kunguru akikuta jiwe anakwenda zake.

Na tunapanda nini? Mrehani kwanza, maana kijiti chake ukikiweka kwenye glasi ya maji kinatoa mizizi ndani ya siku chache, hata mtoto anaweza. Asumini kwa vipandikizi. Bogenvilia kwa mlango unaopigwa jua kutwa nzima. Huo ni mti wa Amerika ya Kusini uliopewa jina la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, na una tabia ambayo watu hawaijui: ukiumwagilia sana unajaa majani, ukiubana kidogo kwa kiu ndipo unawaka rangi. Na kile kinachowaka si ua, ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe kaliko katikati. Chukua kijiti kilichokomaa chenye urefu wa shubiri moja, kikatwe mshazari, kisimame kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki sita hivi kivute taratibu. Kikikataa kung'oka, kimeshika.

Tuna pia lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota hata makaburini bila kupandwa. Asili yake ni Madagaska, halijali jua wala udongo mbovu. Kutoka ndani yake zilipatikana dawa zinazotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hizo ni kazi za maabara, na ua lenyewe lina sumu, kwa hiyo mtu asije akachemsha majani yake akanywa. Tunalipanda kwa ajili ya rangi tu.

Juu ya kaunta yangu, mbali na jua, kuna kikopo cha ua la zambarau lenye majani ya manyoya. Wateja hudhani limetoka Ulaya. Limetoka Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, likabatizwa Saintpaulia, na tangu hapo limekuwa mojawapo ya maua ya ndani yanayopendwa zaidi duniani. Linauzwa London na Chicago kwa vikopo. Mlushoto anayelala kwenye mlima lilikotoka anaweza kufika hapa dukani akaniuliza linaitwaje.

Sasa watu. Ndoo haitolewi kwa mtu asiyeiomba. Anayeiomba anaiweka kwenye kizingiti chake mwenyewe, ndani ya mstari wa jengo, isizibe njia ya mpita njia, isikae juu ya mtaro wala kwenye hifadhi ya barabara. Jina lake linaandikwa. Akisafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo, anaikabidhi ndoo kwa jirani kama anavyokabidhi funguo. Ndoo ikikauka wiki mbili, tunaichukua na kumpa mwingine, bila ugomvi. Hakuna kiingilio, hakuna fulana. Tulikwenda kwa mjumbe wetu, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukiwa na barua na mchoro wa mahali ndoo zitakapokaa, naye akatusindikiza kwa mtendaji wa kata. Usiiruke hatua hiyo. Siku watu wa kusafisha njia wanapopita, karatasi yenye muhuri ndiyo inayoongea, na machozi yako hayaongei.

Wamachinga tuliwaogopa, nikiri. Tulidhani watazisukuma ndoo kupata nafasi ya kutandika. Kumbe kijana anayeuza soksi mbele yangu ndiye aliyeomba ndoo ya tatu. Anasema mteja husimama penye kijani, na akisimama ananunua.

Upinzani uliotusumbua ulitoka kwingine. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alilalamika kwamba harufu ya asumini usiku huita majini, na binti yake halali. Wapo waliotaka tumpuuze. Mimi nilikataa. Imani hiyo ni ya pwani hii hii iliyotupa kikuba, huwezi kuchukua moja na kuikejeli nyingine. Tulikwenda na yule mzee mstaafu, tukampa shikamoo, tukakaa, tukanywa uji. Asumini iliyokuwa chini ya dirisha lake tukaihamishia upande wa pili na mahali pake tukaweka bogenvilia, isiyo na harufu. Sasa yeye ndiye huitazama kuliko wote.

Neno kujitolea limechakaa mjini, lakini tendo lenyewe halijachakaa. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo, kabla hata mitambo haijafika, wapagazi na wenye maduka walikuwa wanatoa vifusi kwa mikono. Sitaki kulinganisha jambo lile na maua. Ninasema tu kwamba anayedai watu wa Kariakoo hawajui ila pesa hakuwepo siku ile.

Nchi hii pia ina historia ya mambo madogo kuwa makubwa. Mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliketi barazani kwake, hapa hapa Dar es Salaam, na wanafunzi 12 waliokuwa na uchungu na mazingira yao; ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Moshi imejijengea jina la mji msafi kwa miaka mingi, na ukishuka stendi unaliona hilo kwenye bustani za mizunguko ya barabara. Jirani zetu Rwanda wana umuganda, kazi yao ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi tunakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru akaagiza siku itumike kwa usafi, na yeye mwenyewe akaokota taka barabarani. Nilikuwa miongoni mwa waliofagia siku hiyo na sijutii. Lakini takataka inaweza kumsubiri mfagiaji hadi Jumamosi. Mmea haumsubiri mtu. Ndiyo maana ninawashauri wanaotaka kuanza wasitafute watu mia wa siku moja. Watafute watano wa kila siku, kila mmoja na mlango wake.

Tulipoanza upya tulikuwa na ndoo 11. Tulipohesabu mara ya mwisho zilikuwa 63, katika vizingiti 31. Mwaka jana ziliibwa nne, na moja tuliikuta imepandwa pilipili mtaa wa tatu kutoka hapa, tukamwachia. Vyungu vya mstari wa kando ya njia hatujavirudisha tena na sidhani kama tutavirudisha. Kinachonipa furaha zaidi ni kidogo. Mkilua mmoja, mche uliotoka kwenye mbegu niliyoletewa na shangazi kutoka Tanga, unasimama nyuma ya jengo penye kivuli, karibu na pipa la mboji. Hukua polepole sana. Mwaka huu umetoa maua yake ya kwanza, manne, ya manjano yaliyokolea. Niliyachuma matatu, nikayafunga na mrehani kwa uzi mweupe namba 40, nikampa binti wa duka la mitandio aliyekuwa anaolewa Ijumaa.

Masika huanza Machi. Ukiwa na mlango Kariakoo, au Ilala, au Gerezani, tafuta sasa bomba linalodondosha maji bure na ulitegeshee dumu lenye chandarua. Tafuta ndoo ya rangi, itoboe. Kisha njoo uulize duka la vifungo lenye asumini mlangoni, karibu na Mkunguni. Kipandikizi nitakupa bila malipo. Kama huna nafasi ya kumwagilia kila siku, mtume jirani yako mwenye nafasi hiyo, nimpe yeye.